Pumzi ya Kuazima

Siku redio iliposema vita vimekwisha, Mama Mashuka alikuwa na mikono ndani ya beseni la sabuni, na hakuitoa. Watu walimiminika barabarani wakashangilia, wakakumbatiana na wasiowajua, yeye akaendelea kusugua shuka la wodi ya wazazi mpaka doa likasalimu amri. Si kwamba hakufurahi. Alifurahi sana, ila alikuwa mtu wa kumaliza kilicho mkononi kwanza, na furaha, kwa maoni yake, ingeweza kusubiri shuka lisuuzwe.

Jina alilopewa na wazazi wake lilitumika mara ya mwisho siku ya harusi. Tangu aajiriwe kufua hospitalini alikuwa Mama Mashuka kwa madaktari na wagonjwa, hata kwa mumewe akitaka kumchokoza. Hospitali yenyewe haikuwa ya kujivunia: majengo machache ya bati yaliyozunguka ua, bomba moja la nje na kamba za nguo zilizovuka ua huo kutoka ukuta hadi ukuta. Lakini mji mzima ulizaliwa pale, na aliyebisha alionyeshwa kitanda alichozaliwa.

Vita vilipokwisha viliacha mlango wazi. Askari wa upande mmoja walikuwa wameondoka, wa upande wa pili hawajafika, na hapo katikati kila mwenye toroli akajiona bwana mkubwa. Walianza na maghala, wakaja kwenye shule wakang'oa milango na madawati, kisha ofisi ya maji. Usidhani walikuwa majini waliotoka porini. Walikuwa watu wa humo humo mjini, na wengine walikuwa wateja wazuri wa maduka yale yale waliyoyakomba. Njaa ilikuwemo, sikatai, lakini hakuna aliyewahi kushiba kwa kula dawati.

Madaktari walikuwa wamekwisha kimbia. Waliobaki hospitalini ni Sista, muuguzi mkuu asiyejua kukaa chini, pamoja na mpishi, Mama Mashuka na mlinzi wa getini, mzee mwenye rungu moja na miwani iliyofungwa kwa uzi. Sista aliwaita jikoni akawaambia kilichokuwa wazi kwa kila mmoja: zamu yao inakuja, na rungu halitoshi. Mpishi akapendekeza wafunge mageti kwa minyororo. Mlinzi akasema minyororo ndiyo itakayowaambia watu kwamba ndani kuna mali.

Mama Mashuka ndiye aliyesema neno lililowafanya wote wamwangalie.

"Kama lazima iporwe, basi tuipore sisi."

Sista alicheka, kisha akaacha kucheka. Mchana ule ule, kupitia pengo la ua wa nyuma, hospitali ilianza kuhamia mitaani kipande kwa kipande. Vitanda vilifunguliwa vikaenda kulala chini ya vitanda vya watu. Mizani ya kupimia watoto wachanga alipewa muuza vitunguu. Kinyozi wa kona, ambaye mdomo wake haukuwa na likizo, alijitolea kuhifadhi kiti cha kung'olea meno, na kabla jua halijazama alikuwa amekwisha mkalisha mteja. Aliyeulizwa kulikoni alijibu kwa macho makavu kwamba na yeye amepora kama wenzake, kwa nini asipore.

Mashine ya oksijeni ilikuwa moja tu. Ilikuwa na kimo cha kiti, ina magurudumu manne chini, na kazi yake ni kuvuta hewa ya chumbani, kuichuja na kumletea mgonjwa iliyo safi kwa mrija mwembamba hadi puani. Hiyo Sista hakumwachia mtu mwingine. Aliisukuma mwenyewe hadi nyumbani kwa Mama Mashuka, kwa sababu nyumba ile ilipata umeme wa laini ya pampu ya maji, na pia kwa sababu kuna watu ambao ukiwapa kitu usingizi unakuja wenyewe. Kama alimfikiria mume wa Mama Mashuka wakati ule, hakusema.

Wakati vitu vinaondoka, Mama Mashuka alifua mashuka safi, akayaanika kwenye kamba zote za uani, na kesho yake akayafua tena. Aliamini kwamba hospitali yenye nguo kambani ni hospitali yenye watu, na waporaji huogopa watu, hasa wagonjwa. Hila hiyo iliwapa muda wa kuhamisha, lakini haikuwazuia waporaji milele. Walipoingia hatimaye walikuta vyumba vitupu, wakasimama katikati ya wodi wakitazamana kwa uchungu kama watu waliofika karamuni sufuria zimekwisha oshwa. Mmoja wao akauliza kwa hasira ni nani mwizi aliyewatangulia. Waling'oa bomba la uani, wakabeba mlango mmoja, wakaenda zao.

Sasa tumwendee mume. Aliitwa Mzee Breki. Alikuwa ameendesha malori ya saruji tangu ujana wake, kwa uangalifu ulioudhi matajiri wake wote. Alifunga breki kwa kuku, kwa mbuzi, kwa karatasi inayopeperuka. Hakuwahi kumgonga mtu. Saruji ndiyo iliyomgonga yeye, pole pole, ikamjaa kifuani mpaka siku moja akashindwa kupanda kwenye lori lake mwenyewe. Tangu hapo alishinda nyumbani, mito mitatu mgongoni, akipumua kama mtu anayefyonza uji mzito kwa mrija mwembamba.

Mama Mashuka alikuwa ameifunika mashine kwa shuka na kuiweka pembeni ya kabati, na aliapa moyoni kwamba haitaguswa. Kiapo hicho kilidumu mpaka asubuhi ile midomo ya Mzee Breki ilipogeuka rangi na macho yakaanza kumtafuta bila kumwona. Alikuwa ameona wauguzi wakifanya mara nyingi, maana mashuka huingia kila mahali. Akavuta shuka, akachomeka waya, akampachika mrija puani, akashika mkono wake akahesabu pumzi zake mpaka akaacha kuhesabu kwa kuwa hazikuhitaji tena kuhesabiwa. Mzee Breki alilala usingizi wa mtoto hadi mchana.

Kilichofuata kilikuwa kipindi kitamu kuliko vyote walivyowahi kupata, na hicho ndicho kilichoumiza. Umeme ulipokuwepo mashine iliunguruma, na Mzee Breki akarudi. Alirudi na ubishi wake wote. Alilalamika kwamba chai haina majani. Alisimulia tena habari ya bosi aliyemfukuza kazi asubuhi na kumwomba radhi jioni. Alianza kukaa karibu na mlango, mrija ukimfuata nyuma, akiwakosoa wapita njia jinsi wanavyosukuma matoroli yao. Siku moja alicheka mpaka mwisho wa kicheko na kikohozi hakikuja. Mama Mashuka alikuwa amesahau kwamba kicheko cha mumewe kina mwisho. Alitoka nje kama anayeanua nguo, akasimama kati ya mashuka, akalia vizuri, kisha akarudi ndani akamwambia chai ina majani ya kutosha, tatizo ni ulimi wake.

Msafara wa misaada ulitanguliwa na gari moja. Ndani yake alikuwemo mwanamume mrefu mwenye macho ya mtu asiyelala, ambaye mji ulimpa jina la Bwana Msafara kabla hajafunga mlango wa gari. Alitembea wodi hadi wodi akisikiliza nyayo zake zikirudisha mwangwi. Alimweleza Sista kwa adabu kwamba malori yake yamebeba dawa, blanketi na maziwa ya watoto, lakini miji miwili nyuma walishusha mzigo kwenye jengo tupu kama hili, na kabla vumbi la malori halijatua dawa zilikuwa sokoni. Hawezi kurudia kosa. Anapeleka mzigo mwingine mbele. Akirudi akakuta wodi zimesimama na kuna watu wa kuzilinda, atashusha kila kitu. Akikuta mwangwi, atapita.

Sista hakumweleza hospitali iko wapi. Alimwambia tu apite salama, na gari lilipopotea akatuma neno lienee mdomo kwa mdomo: rudisheni.

Na watu wakarudisha. Vitanda vilikuja vichwani mwa wanawake, na miguu yake ikaja baadaye kwa watu wengine kabisa, ikabidi Sista asuluhishe ugomvi wa miguu na vitanda. Mizani ya watoto ilifika ikinuka vitunguu, ikaoshwa. Kinyozi alisukuma kiti cha meno mtaa mzima huku mteja amekaa juu yake, nusu ya kichwa imenyolewa, kwa sababu neno la Sista lilimkuta katikati ya kazi na hakutaka kupoteza vyote viwili. Vichache havikurudi, na wenye navyo walibadilisha njia ili wasipite mbele ya hospitali. Lakini wodi zilisimama. Majirani wakagawana zamu za kukaa getini, na mlinzi akapata wasaidizi wengi kuliko alivyohitaji, kila mmoja akimfundisha namna ya kushika rungu.

Mashine ya oksijeni haikurudi.

Sista alijua iko wapi. Mama Mashuka alijua kwamba Sista anajua. Alipopita mbele yake na beseni la nguo, Sista alimwangalia, akafungua mdomo, kisha akamuuliza kama sabuni ipo ya kutosha. Lingekuwa jambo rahisi kama angemgombeza. Mama Mashuka alijibu kwamba sabuni ipo, akaenda kufua akiwa ameinamisha uso, na shuka la kwanza alilifua mara tatu kwa kusahau. Alijiambia kwamba kesho ataipeleka, akishakisafisha kichujio chake. Kesho yake alijiambia kwamba bado watoto wagonjwa hawajaanza kuja, wodi ya watoto ni vitanda tu, mashine itakaa pale ikila vumbi wakati nyumbani ina kazi. Maneno hayo yalikuwa na mantiki yote duniani, na hayakumwacha ale.

Mzee Breki alimuuliza jioni kama hospitali iko tayari.

"Bado," akamjibu, akageuka kuosha vikombe vilivyokwisha oshwa. Katika ndoa yao yote hakuwahi kumdanganya kwa jambo kubwa kuliko sukari.

Aliyeharibu mambo ni kinyozi, kama kawaida yake. Alikuwa anarudi kutoka zamu ya getini akamkuta Mzee Breki mlangoni, na salamu yake ikazaa habari nzima: wodi zilivyopendeza, wanawake wawili walivyojifungua, na gari la Bwana Msafara lililopita tena asubuhi hiyo kuangalia. Bwana yule, alisema kinyozi, ameridhika na kila kitu, isipokuwa aliuliza hospitali inapata wapi hewa ya watoto wenye homa ya mapafu, na Sista akamjibu kwamba mashine ipo, imehifadhiwa mahali salama, na... Hapo macho ya kinyozi yaliufuata mrija kutoka puani mwa Mzee Breki hadi ndani ya nyumba. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake aliacha habari katikati. Akaaga.

Mama Mashuka aliporudi kutoka kazini alikuta nyumba kimya. Mashine imezimwa. Mzee Breki alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele yake, ameshika kitambaa chenye unyevu, anaifuta taratibu kuanzia juu kushuka chini, jinsi alivyokuwa akifuta kioo cha lori kabla ya kumkabidhi tajiri. Kila baada ya kufuta kidogo alipumzika. Waya ulikuwa umekunjwa vizuri na kufungwa.

"Uliniambia bado," alisema.

Mama Mashuka aliweka beseni chini. "Hospitali ilikuwa tayari. Mimi ndiye nilikuwa bado."

"Kwa hiyo nimekuwa mporaji uzeeni."

"Mporaji ni mimi. Wewe ni mgonjwa tu."

Alifuta gurudumu moja, akapumzika, akafuta la pili. Kisha akasema kwamba ameendesha malori ya watu tangu ndevu zake hazijaota, na hata siku moja hakulaza lori la mtu nyumbani kwake. Mama Mashuka alimwambia lori halipumui. Alimwambia, na sauti yake sasa ilikuwa imepanda, kwamba hao watoto bado hawajaja, na yeye yupo, yupo hapa mbele yake, na ikiondoka mashine hii atamwona akizama kwenye nchi kavu, na hawezi, amejikaza kwa mengi lakini hilo hawezi.

"Utakufa," alisema. Neno hilo lilikuwa halijawahi kutamkwa ndani ya nyumba ile.

"Nitakufa siku yangu," alijibu Mzee Breki, akimeza hewa kati ya maneno. "Lakini sitaki upite mbele ya Sista umeinamisha uso kwa ajili yangu. Uso huo ndio nilioufuata nikakuoa, bibie. Usinikunjie."

Mama Mashuka alikaa sakafuni, akaweka kichwa chake magotini pa mumewe, na kwa muda hakuna aliyefuta chochote.

Aliipeleka mwenyewe, Mzee Breki. Mkewe alitaka kuisukuma akakataliwa katakata; dereva, aliambiwa, hapokonywi usukani. Alishika mpini kwa mikono miwili, na kusema kweli mashine ndiyo iliyomsimamisha wima. Mama Mashuka alifuata nyuma na kigoda. Kila alipoona mabega yake yanapanda aliweka kigoda chini, naye akakaa na kuanza kumsalimia yeyote aliyekuwa karibu, habari za nyumbani, za watoto, za kuku, ili ionekane kwamba amesimama kwa ajili ya salamu. Mtaa mzima ulielewa na mtaa mzima ukajifanya haukuelewa. Watu walitoka milangoni hata ambao hakuwa na mazoea nao, wakamsalimia kwa zamu, mmoja baada ya mwingine, ili apate sababu ya kukaa. Hata kinyozi alisalimia kwa neno moja tu.

Sista aliwapokea kwenye ngazi za wodi ya watoto. Aliweka viganja vyote viwili juu ya mashine.

"Nilijua utaileta," alimwambia Mama Mashuka.

"Mimi sikujua," alijibu Mama Mashuka.

Malori yalifika yakashusha mzigo wote. Zilikuwemo dawa, blanketi, maziwa, hata mirija midogo ya oksijeni ya kutosha pua za watoto. Mashine nyingine haikuwemo. Bwana Msafara aliahidi kuiomba, na alikuwa mtu wa kutimiza, ila ahadi ina njia ndefu kuliko malori. Watoto ambao hawakuwepo wakaanza kuja, wengi, vifua vikiwa vimebana kwa baridi ya kulala nje wakati wa vita. Sista akatoa ruhusa moja kwa kinywa chake: siku ambayo mashine haina mtoto, Mzee Breki aje akae nayo.

Chumba cha kufulia kilipakana na wodi ya watoto kwa ukuta mmoja. Mama Mashuka alifua akisikiliza mngurumo upande wa pili. Mwanzoni aliuchukia, na hakujidanganya moyoni mwake kwamba anauchukia. Nyumbani Mzee Breki alikuwa amerudi kwenye mito yake mitatu, na swali lake la kwanza kila mkewe alipoingia lilikuwa kama leo imeunguruma. Akijibiwa ndiyo, alisema, "Vizuri," na alimaanisha, na mkewe alitamani angalau siku moja aseme uongo.

Siku ukuta uliponyamaza, Mama Mashuka alikuwa na mikono ndani ya sabuni hadi viwiko. Alisikiliza. Kimya. Aliacha shuka ndani ya maji, kitu ambacho hakuwahi kukifanya hata siku vita vilipokwisha, akatoka mbio kwenda nyumbani na povu mikononi.

Walifika hospitalini na kigoda chao, taratibu, salamu kwa salamu. Sista alimkalisha Mzee Breki kwenye kiti kando ya mashine, akamvalisha mrija wake. Mama Mashuka alisimama mlangoni akaiona rangi ikirudi kwenye midomo ile. Mzee Breki alikuwa ndiyo kwanza ameanza kumweleza Sista habari ya bosi aliyeomba radhi, na hajafika hata kwenye kufukuzwa, mwanamke mmoja alipoingia amembeba mtoto kifuani. Mbavu za mtoto ziliingia ndani kila alipovuta pumzi. Hakulia. Hakuwa na pumzi ya kulilia.

Sista alisimama. Alimtazama mtoto, akamtazama Mzee Breki, kisha akatazama mikono yake mwenyewe.

Mama Mashuka hakungoja kuambiwa. Alivuka wodi, akafuta viganja vyake kwenye gauni, akautoa mrija kwenye sikio moja la mumewe, kisha la pili, kwa upole, na Mzee Breki akainua kidevu kumrahisishia. Akauchomoa kwenye mashine. Sista akaweka ule mdogo. Mama wa mtoto alikuwa hajaelewa lolote. Macho yake yalikuwa kifuani pa mwanawe, na alikaa hivyo mpaka mbavu zikaanza kutulia na kidole kidogo kikalegea kwenye ukosi wa gauni lake.

Ndipo alipoinua uso akamwona mzee aliyekaa pembeni, mabega juu, ameegemea bega la mkewe, mdomo wazi.

"Babu naye anaumwa?" aliuliza.

"Hapana, mwanangu," alisema Mama Mashuka. "Amenisindikiza kazini."

Mzee Breki akaitikia kwa kichwa, kwa kuwa sauti haikuwepo, na mama wa mtoto akamtabasamia.